Madoa Saba Kwenye Kisu cha Daktari

Mbuchi, Jumatano, 6 Rajab 1323

Mjomba wangu Abdulkarimu,

Mwalimu Siti alitufundisha kwamba barua ya mtu mwenye adabu huanza na shukrani, haja ikafuata nyuma. Basi nakushukuru kwanza kwa kuniamini. Tangu Ijumaa ulipopanda mtumbwi kupeleka bomani kisu kidogo cha Daktari na chupa ya spiriti, ili vipakiwe melini vimfuate Dar es Salaam, najiona mkubwa kuliko miaka yangu kumi na mitatu.

Mashine ya kukatia iko salama chumbani kwa Bibi, pale ulipoiweka kwa kuhofia moto wa vita. Watu bado wanakuja kuichungulia. Hawaamini kwamba Bwana Vipande (hawataki kumwita Daktari) hukata ini na bandama zilizogandishwa kwenye nta, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha huvitazama kwa hadubini akitafuta homa imejificha wapi. Nami huwaambia, mjomba wangu ndiye anayemnolea kisu.

Kazi naifanya kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, kama ulivyonionyesha. Nalowesha kitambaa cha kitani kwa spiriti, napangusa kisu kikubwa cha mashine kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, wala sigusi chuma kwa kidole. Mafuta ya mifupa, kwa kuwa yamebaki kidogo, natia tone moja tu kwenye reli za mashine. Kwenye sanduku la hadubini nabadilisha chokaa ya Kiongoroni inapogeuka unga. Ulisema chokaa iliyotoka tanurini bila kuonja maji hunyonya unyevu, vioo visiote ukungu. Na kweli vioo ni vyeupe.

Bibi alinuna sana chupa tatu za spiriti zilipoingia ndani. Ulimsikia mwenyewe: "Pombe ni pombe, hata ikivaa koti la daktari. Mnataka malaika waipite nyumba yangu?" Lakini tangu Jumatano ile kabla hujaondoka amenyamaza kabisa. Hata mkeka wake wa sala ameurudisha karibu na sanduku. Namshukuru kwa subira yake. Wale kuku wake wawili walioyumba siku hiyo, tukadhani ni kideri, sasa wazima.

Barua hii anaichukua Bi Tatu, anayepeleka mchele bomani. Anasema askari hawamsumbui kwa sababu wanaogopa ulimi wake.

Mpwa wako anayekutii,
Mwantum

*

Bomani, 14 Septemba 1905

Mwanangu Mwantum,

Barua yako imefika, nimeisoma mara tatu. Asante. Hujui barua kama hiyo humfanyia nini mtu aliye mbali na kwao.

Nimezuiwa hapa kwa kazi kidogo. Usishangae nikichelewa. Nakula, nalala, na karatasi ninayo.

Nikukumbushe mambo mawili. La kwanza, kisu kikihitaji kunolewa kwenye mkanda wa ngozi, kivute mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukikosea ukatanguliza makali, utakata ngozi na kuharibu kisu kwa pamoja. La pili, lolote litakalotokea kwenye chuma, usilisugue kwa majivu wala mchanga, kama tufanyavyo mapanga na sufuria zetu. Kisu kile hakisuguliwi. Kama kina kosa, kiache na kosa lake mpaka mwenye kujua akione.

Nina swali pia. Ile chupa uliyonifungia siku ya Alhamisi, kizibo chake kilikaa vizuri? Spiriti ikipata hewa hupotea nguvu. Nijibu kweli, mwanangu. Sikulaumu.

Mwambie mama yangu nampa mkono. Mwambie nakumbuka wali wake wa nazi, hasa ukoko.

Mjomba wako,
Abdulkarimu

*

Mbuchi, Jumamosi, 23 Rajab 1323

Mjomba mpenzi,

Asante kwa mafundisho. Nimeyaandika kwenye ubao wangu, nikayasoma mpaka Mwalimu Siti akaniuliza kama ni sura mpya.

Kuhusu kizibo, naapa kilikaa vizuri. Nilikigonga kwa mchi wa kinu kidogo, kisha nikazungushia nta ya Daktari. Nilikosea nini, Mjomba? Kama chupa ilivuja ikakuharibia nguo, nisamehe.

Kisu kikubwa kimo ndani ya sanduku lake. Reli za mashine zinateleza vizuri. Chokaa nimebadilisha mara mbili.

Juzi askari walipita hapa wakipekua nyumba kwa nyumba. Wanatafuta maji yale ambayo watu wa bara wanasema yanageuza risasi kuwa maji. Kwa jirani walimwaga hata mtungi wa kunawia. Kwetu Bibi alisimama mlangoni akawaambia, "Ingieni, lakini chumba hicho kina mashine ya Mzungu wenu. Mkiigusa ikavunjika, mtamwambia wenyewe." Wakatazama sanduku kwa mbali, wakaenda zao. Tukacheka mpaka Bibi akashika mbavu. Kisha akatia komeo mlangoni, ingawa ilikuwa mchana.

Bi Tatu anasema umekonda. Nikamuuliza kwani bomani hakuna chakula, akasema ana haraka, maji yanakupwa.

Mwantum

*

Bomani, 28 Septemba 1905

Mwanangu,

Chupa haikuvuja. Umefunga vizuri kuliko ningefunga mimi. Ondoa wasiwasi huo, na ahsante kwa kusema kweli.

Leo nataka kukuambia jambo ambalo sikupata kukuambia. Nilipoanza kazi kwa Daktari watu walinicheka, wakasema mtu mzima anashinda akifuta chuma. Nami nilikuwa natamani mtu mmoja tu nyumbani aulize, unafanyaje? Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukaja ukauliza. Nakushukuru kwa swali lile.

Nikichelewa sana, usimkabidhi mashine mtu mwingine yeyote ila Daktari, mkononi mwake. Wembe wangu wa kunyolea mpe mama. Kitabu changu cha maelezo, chenye michoro ya kisu na vioo, ni chako. Usiache kusoma.

Wanasema Daktari atapita hapa kutibu majeruhi kabla ya Ramadhani. Bwana mkubwa wa boma naye yuko bara na askari, anatazamiwa siku hizo hizo. Nami nasubiri.

Abdulkarimu

*

Mbuchi, Jumatano, 4 Shaabani 1323

Mjomba,

Barua yako ya mwisho ilinikalia vibaya. Mtu anayerudi nyumbani hagawi wembe wake. Bi Tatu alipoileta nilimsomea Bibi kwa sauti. Bi Tatu alikuwa kizingitini na kata ya uji mkononi, hanywi.

Bibi akamuuliza, "Tatu, uji wangu leo una nini?"

"Hauna kitu. Haunishuki tu. Nimechoka kubeba uongo, Mwanahalima. Mchele mzito, lakini uongo mzito zaidi."

"Utue basi."

Akautua. Akatuambia hukai bomani kwa kazi. Uko nyuma ya mlango wenye askari wawili tangu siku uliyofika, na karatasi unapewa kwa sababu unawaandikia askari barua za wake zao. Akasema walipekua mfuko wako wakakuta chupa ya maji meupe. Ukawaambia, hii si dawa ya vita, ni spiriti ya kupangusia kisu, iwasheni muone itawaka. Wakamimina kwenye sahani wakatia kiberiti. Kikalia chwii, kikazima. Mara ya pili, vilevile. Sasa wanasema wewe ni mpeleka maji, tena mwongo, na bwana mkubwa akirudi atakuhukumu. Sote tunajua wapeleka maji wanafanywa nini.

Mjomba, kabla ya yote nikutubie. Nilikuficha. Kisu kikubwa kina kutu. Doa la kwanza nililiona siku ya kumi, dogo kama mbegu ya ufuta. Nikaongeza kupangusa, asubuhi na alasiri, na madoa yakaongezeka. Sasa ni saba. Nilichukua majivu nikayashika mkononi, nikakumbuka neno lako, nikayamwaga. Lakini kukuambia sikuweza. Nilikuandikia kwamba kisu kimo sandukuni. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo.

Bi Tatu aliposema kiberiti kilizima, nilisimama. Nikaileta chupa ninayotumia, nikamimina kwenye kijiko, nikachukua kijinga cha moto jikoni. Chwii. Nikainusa. Haikunuka kitu. Mwezi mzima nimekuwa nikiifunua na kuifunika, sikuwahi kuinusa, kwa sababu ulinikataza kuvuta harufu ya spiriti.

Bibi alikaa chini taratibu, kama mtu anayetua mtungi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, Bibi?"

"Nilimwaga. Ile Jumatano, mlipokwenda kuchukua sanduku la pili. Nilimwaga kwenye pumba nyuma ya jiko. Chupa mbili. Ya tatu kizibo kilinishinda."

Bi Tatu akasema, "Ndiyo maana kuku wako walicheza ngoma!"

Hakuna aliyecheka.

Bibi akaendelea, "Nikajaza maji ya kisima ili mwanangu asigombane na Mzungu wake. Nikasema, kama ni kupangusa, maji si ndiyo yanayotahirisha? Maji yamemdhuru nani?" Halafu akajifunika uso kwa kanga, akalia bila sauti. Sijapata kumwona Bibi akilia.

Mjomba, nimekaa nikafikiri kama ulivyonifundisha kufikiri mashine inapokwama, sehemu moja baada ya nyingine. Nimeona hivi. Mtu anayejua kwamba chupa ina maji hawezi kupangusia kisu cha chuma kila siku, kisu ambacho ameagizwa kukitunza kuliko macho yake. Madoa haya saba yanasema hatukujua. Namletea Daktari kisu chenyewe, pamoja na chupa ile ya tatu ambayo Bibi hakuiweza. Karatasi zilizobandikwa kwenye chupa zote tatu ni za namna moja. Ila ni hii moja tu itakayowaka.

Bibi ana barua yake. Amesema niandike kila neno kama litokavyo.

Mwantum

*

Mbuchi, siku hiyohiyo

Kwa Bwana mkubwa wa boma, na Daktari kama yupo, asomewe pia.

Mimi ni Mwanahalima, mama yake Abdulkarimu. Kuandika sijui, anaandika mjukuu wangu. Mwantum, andika hilo pia, wasije wakadhani nimekodi karani.

Mtu mliyemfungia hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na kosa langu ni la kumwaga pombe. Kwetu sisi hilo si kosa, ni thawabu, lakini niliimwaga kwa siri, na siri ndiyo iliyomfunga mwanangu. Nilitia maji badala yake. Mkitaka kujua ni maji gani, onjeni. Ni ya kisima cha Mbuchi, yana chumvi, chai haipikiki. Hakuna mganga duniani atakayeyataka. Mtauliza nilisoma nini juu yake. Nilisoma Bismillahi, kama ninavyosoma nikiosha sufuria.

Nasikia mnatafuta mtu wa kumwadhibu kwa maji yale. Nipo. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka gatini, mbele ina mpapai. Msimtume askari mdogo mdogo, miguu yangu ni mibovu, nitahitaji wa kunishika.

Daktari, wewe nakushukuru. Ulimpa mwanangu kazi ya kutumia akili. Kisu chako nimekiharibu mimi, si mtoto huyu. Mtoto huyu alikipangusa kila siku, tena siku za mwisho mara mbili, nikimtazama. Nilimtazama nikanyamaza. Hilo ndilo atakaloniuliza Mungu.

Mwanahalima, kidole gumba chake hiki hapa.

*

Bomani, 24 Oktoba 1905

Mwanangu Mwantum, na mama yangu,

Niko nje. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na jua linanipiga, na sitaki kuhama.

Bi Tatu alifika na furushi lenu, akakataa kumpa mtu yeyote. Mara kumi na tatu alikuja nalo na kurudi nalo. Askari wa zamu akimwambia weka hapa, anamjibu, "Niweke hapa, mamako ndiye atakayelinda?" Mpaka Daktari aliposhuka melini, akamfuata kwenye hema la majeruhi, akamtia furushi mkononi.

Nililetwa mbele yao alasiri. Bwana mkubwa alikuwa amechoka, ana tope mpaka magotini, anataka mambo yaishe. Karani alisoma barua yako na barua ya mama. Alipofika kwenye chai isiyopikika, nilimwona Daktari akiuma midomo. Akaionja ile chupa yangu. Akatema. "Mbuchi," akasema.

Kisha akachukua kisu, akakipeleka dirishani, akakiinamia kwa kioo chake cha mkononi. Akakigeuza huku na huku mwangani. Akamwita bwana mkubwa, akamwonyesha. Mimi nilisikia tu Kiswahili cha karani aliyekuwa akifasiri: kutu hii haikuja siku moja. Doa hili ni la zamani, hili la baada yake, hili la juzi. Yote yamelala kwa mstari mmoja, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, njia ya kitambaa. Mtu aliyefanya hivi alikuwa akikitunza. Na hakuna alama ya kusugua. Angekuwa na nia ya kudanganya, angesugua.

Chupa ya tatu akaifungua yeye, akamimina kwenye sahani ileile. Ikawaka bluu. Bwana mkubwa akaitazama mpaka ikazimika yenyewe, akasema, "Nenda."

Basi. Neno moja. Nimekaa siku hamsini nikisubiri neno moja.

Mama, ulinifungisha, ukanifungua, yote kwa kupenda nyumba safi. Usilie tena. Nilipokuwa mle ndani nilihesabu mema yako nikashindwa kumaliza, na humu nje sitaanza kuhesabu kosa moja. Bwana mkubwa hakuulizia mpapai wako. Daktari amesema vyombo vyake havitaingia tena kwenye chumba cha sala bila kumuuliza mwenye chumba, na kwamba alipaswa kuuliza tangu mwanzo.

Mwantum, wewe ulificha kutu, mimi nilificha mlango. Tusameheane, tusirudie.

Kuna jambo linalonizuia kufurahi moyo wote. Mle ndani nimemwacha Bwanaheri, mchoma chokaa wa Kiongoroni. Chokaa unayoweka kwenye sanduku la hadubini huenda imetoka tanurini kwake. Naye alikutwa na chupa. Anasema ni maji yaliyosomewa dua kwa ajili ya macho ya mkewe, na mimi naamini, nimelala naye ubavu kwa ubavu. Daktari amewaomba wasimhukumu kwanza, wakakubali kungoja mpaka mwezi wa Ramadhani uishe. Lakini Bwanaheri hana mtu wa kumwandikia. Mkewe hajui kusoma, na macho yenyewe ndiyo hayo.

Nabaki hapa hadi katikati ya Ramadhani kumsaidia Daktari kufunga vidonda. Kisu nakirudisha kwako. Kitapelekwa Ulaya kunolewa, lakini Daktari anasema kwanza wewe ukitazame kwa hadubini. Anasema aliyeitunza ndiye wa kwanza kuitumia.

Asante, mwanangu. Neno hili nimelisema mara nyingi maishani, leo ndiyo nimejua uzito wake.

Abdulkarimu

*

Mbuchi, Jumanne, 2 Ramadhani 1323

Mjomba wangu,

Tumesoma barua yako uani, Bibi akataka isomwe tena, na tena. Sehemu ya Daktari kutema maji ya kisima ameidai mara nne. Anasema Mzungu ana ulimi wa kweli.

Hadubini niliifungua jana mchana. Vioo havina ukungu. Niliweka ncha ya kisu kama michoro yako inavyoonyesha, nikazungusha taratibu. Mwanzoni giza, kisha nikaona. Mjomba, doa la kutu si doa. Ni nchi. Lina milima myekundu na mabonde, na kati yake vijito vinang'aa ambapo chuma bado ni kizima. Nililitazama mpaka jicho likatoa machozi. Nilikuwa nikilionea haya mwezi mzima, nami sikujua ninalionea haya jambo litakalokurudisha.

Bibi naye alitazama. Akasema, "Hivi ndivyo Mungu anavyotuona?" Kisha akaniuliza mke wa Bwanaheri anaitwa nani. Bi Tatu anamjua. Anaitwa Mwanaidi, na aliyemsomea maji yale ni mwalimu wa chuo wa kulekule, yu hai, na yuko tayari kuapa, ila hakuna aliyemwuliza.

Kesho tunakwenda Kiongoroni, Bi Tatu na mimi. Bibi ameniruhusu, akanifungia tende za kufuturu. Nimechukua kalamu mbili, wino, na karatasi nne za Daktari. Naomba umwambie nimezichukua, nitazirudisha nyingine. Nitaandika kila neno la Bi Mwanaidi kama litokavyo, na la mwalimu, nao watatia vidole gumba. Mwambie Bwanaheri asikate tamaa. Mwambie chokaa yake ilifanya kazi yake vizuri, na anayo haki ya kujua hivyo.

Kisu nimekifunga kwenye kitani kikavu. Sikukisugua.

Mpwa wako mwenye shukrani,
Mwantum